Msiba wa Mchawi Lipukuti

Kwa masikitiko makubwa, na nikiwa na akili zangu timamu, naeleza jinsi mchawi Lipukuti alivyofariki katika kitabu cha tisa, na jinsi mimi, Mbaruku wa Lionja, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni hapa Nachingwea, nilivyojaribu kumfufua kabla ya Jumatatu.

Kwa wasiomfahamu marehemu: Lipukuti alikuwa mchawi asiyejua uchawi. Ungo wake ulikuwa na pancha. Kila aliporuka kwenda kuwanga, ungo ulivuta kushoto, naye akaangukia asikotakiwa: kwenye mkutano wa wazazi, ndani ya sufuria la pilau ya harusi, na katika kitabu cha nne juu ya paa la kituo cha polisi, ambako aliomba aandikiwe kwamba amefika. Msaidizi wake alikuwa fisi aitwaye Katibu. Katibu aliandika muhtasari wa kila kikao cha wachawi kwa mwandiko mzuri sana, kisha akaula kabla haujasainiwa.

Vitabu vilikuwa vinane, vyembamba, vimebanwa kwa pini mbili, vimeandikwa na Mzee Apolinari, bwana shamba mstaafu anayeishi Ruangwa. Tulivisoma wakati wa prepu, masomo ya usiku, tukiwa tumevificha ndani ya atlasi. Hakuna shule ya wilaya hii iliyokuwa na wanafunzi wanaopenda jiografia kama sisi, na hakuna iliyokuwa ikiifeli zaidi. Nilipokuwa kidato cha kwanza vitabu hivyo vilipigwa marufuku shuleni, kwa sababu nitakazozitaja nikishapata ujasiri.

Baada ya marufuku, Mzee Apolinari alinyamaza. Mwaka mzima ukapita, na nusu ya mwingine. Halafu mwaka huu, mwezi wa nne, kitabu cha tisa kikatoka, na aliyetuletea ni mkuu wa shule mwenyewe, Mwalimu Amedeus. Alisimama mstarini asubuhi akiwa na boksi la nakala arobaini, anatabasamu. Hapo hapo tulipaswa kushtuka. Mkuu wa shule hajawahi kutuletea kitu kizuri ndani ya boksi.

Katika ukurasa wa kwanza, Lipukuti anaziba pancha.

Sina la kuongeza kuhusu ukurasa huo. Katika ukurasa wa pili anavaa miwani. Katika sura ya tatu anajiunga na kamati ya mazingira, na katika sura ya nne Katibu ananawa mikono kwa sabuni, kidole kimoja kimoja, kurasa sita. Fisi! Kila sura inaishia na maswali ya mazoezi. "Taja faida nne za kuamka mapema."

Rafiki yangu Dismas, anayelala kitanda kilicho chini ya changu, alisoma haraka kuliko mimi, akitafuta mahali pa kucheka.

"Nimefika ukurasa wa thelathini," alisema.

"Kuna mtu kaanguka?"

"Hakuna."

"Hata kujikwaa?"

"Lipukuti alitaka kujikwaa ukurasa wa ishirini na mbili, lakini akaliona jiwe mapema. Si ana miwani."

Tulisoma mpaka mwisho kwa heshima, kama watu wanaomkalia mgonjwa. Kwenye jalada la nyuma paliandikwa: Usikose Kitabu cha Kumi, Lipukuti na Faida za Choo Bora.

Shangazi yake Dismas ana duka la stesheneri Ruangwa, na ndiye anayemchapia Mzee Apolinari vitabu vyake. Dismas alimpigia kwa simu ya patroni wa bweni. Shangazi akasema kitabu cha kumi kimeshaingizwa kwenye kompyuta, na Jumatatu atatoa nakala mia tano. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nakala zikishatoka, Lipukuti atakuwa mtu mwema moja kwa moja, wala hakutakuwa na wa kumrudisha.

"Twende tukamwambie mzee kitabu chake kibaya," alisema Dismas.

"Huwezi kwenda nyumbani kwa mtu mzima ukamwambia hivyo. Ni utovu wa adabu."

"Sasa?"

Nilikuwa nimeshafikiria. Mimi ni Mmwera. Mzee Apolinari ni Mngoni wa Songea, aliyeletwa Ruangwa na serikali akiwa kijana, akasahau kurudi. Mmwera na Mngoni ni watani. Mtu mwingine akimwambia mzee kwamba kazi yake mbovu, amemtukana. Mtani akimwambia, ametimiza wajibu. Na msibani ndiyo mtani anapata nguvu zote. Anamwiga marehemu, anaziba njia, anajilaza mlangoni, na haondoki mpaka mfiwa ampe kitu. Lipukuti amekufa. Mfiwa ni Mzee Apolinari. Basi mimi, mtani wake halali, ningelala mlangoni kwake mpaka anikabidhi kitabu cha kumi nikakichane.

"Na mimi Mmakua nitakuwa nani?" aliuliza Dismas.

"Utakaa pembeni ushike tama."

Jumamosi ilikuwa siku ya ruhusa ya kutoka. Katika daftari la ruhusa tuliandika: Kuhudhuria msiba, Ruangwa. Marehemu: ndugu wa karibu. Mwalimu wa zamu alitupa pole.

Nyumba ya Mzee Apolinari iko nyuma ya ghala la korosho. Tulipofika saa nne asubuhi hakuwepo, na baiskeli yake haikuwepo. Nilitandika mkeka barazani, nikajilaza mbele ya mlango, nikajifunika shuka nyeupe ya bweni. Dismas akakaa kwenye kigoda na kushika tama.

Kosa letu lilikuwa moja. Mtani hujilaza uso wazi, watu wamwone na wacheke. Mimi nilijifunika hadi kichwani kwa sababu ya nzi.

Dakika chache baadaye nilisikia kandambili zinakuja, kisha zikasimama.

"Mjukuu wangu," ilisema sauti ya mama mtu mzima, "kuna nini hapa?"

Alikuwa Bi Sikuzani, jirani wa nyumba ya pili. Mimi nilikuwa simfahamu bado, lakini tungefahamiana.

"Msiba, bibi," alisema Dismas.

"Msiba! Nani?"

"Lipukuti."

"Lipukuti yupi?"

"Wa Mzee Apolinari. Wamekaa pamoja miaka kumi na miwili."

"Innalillahi! Na Bwana Shamba mwenyewe anajua?"

"Ndiye aliyekuwa naye mpaka mwisho," alisema Dismas, ambaye akiogopa huwa anasema kweli tupu.

Kandambili ziliondoka zikikimbia. Nilimnong'oneza Dismas amwite amweleze. Dismas akanong'ona kwamba koo limekauka. Kabla hajalilainisha, uwanja ulikuwa umejaa. Nilisikia mikeka ikitandikwa, kuni zikitupwa chini, mtu akiuliza maji ya kuoshea yachemshiwe wapi. Mama mmoja alileta unga, mwingine akasema unga huo hautoshi. Wanaume walikaa upande wa ukuta, karibu na kichwa changu.

"Huyu si ndiye yule mfupi?" aliuliza mmoja.

"Mfupi kiasi."

"Nilimwona juzi sokoni. Hali yake haikuwa nzuri. Nikamwambia, bwana, nenda hospitali."

"Mtu wa watu yule."

"Hakuwa na makuu. Mwaka jana alinibebea gunia la mihogo kutoka barabarani mpaka kwangu. Nikimpa kitu, hataki."

Nililala pale nikimsikiliza mtu ambaye hajawahi kuwepo akisifiwa mambo ambayo mimi niliyepo sijawahi kuyafanya.

"Jamani, mbona maiti ina raba?"

Nikavuta miguu ndani ya shuka polepole, kosa la pili.

"Vijana hawa hawajui kuandaa maiti," alisema Bi Sikuzani. "Mvueni viatu."

"Alizipenda," alisema Dismas, akijikokota kuzikalia.

Hapo ndipo kengele ya baiskeli ilipolia. Mzee Apolinari alikuwa ametoka kununua dagaa.

"Bwana Shamba," alisema Bi Sikuzani kwa upole, "shuka kwanza. Kaa hapa."

"Nikae kwangu mwenyewe kwa nini? Watu wote hawa wa nini?"

"Jikaze, kaka yangu. Lipukuti hatunaye."

"Lipukuti," alirudia Mzee Apolinari. "Amekufa lini?"

"Ukurasa wa kwanza wa kitabu cha tisa, babu," alisema Dismas. "Alipoziba pancha."

Niliona saa imefika. Nikajifunua, nikakaa wima, nikapaza sauti kama inavyotakiwa: "Mtani! Nipe changu niondoke!"

Yule aliyebebewa gunia la mihogo aliruka ua wa makuti bila kuugusa. Akina mama walikwenda pande zote nne za dunia. Bi Sikuzani peke yake hakukimbia. Aliinama, akachagua ukuni, akaurudisha, akachagua mwembamba zaidi.

"Bibi, ni utani!" nilisema. "Mimi Mmwera! Huyu mzee ni mtani wangu!"

"Utani wako uko kwa Mngoni," alisema. "Mimi Mmwera mwenzako. Geuka."

Nilipokea fimbo tatu, nikazikuta ni za haki. Watu walirudi mmoja mmoja kuchukua unga wao na mikeka, wakinitazama kwa jicho la kutamani kunichapa. Bi Sikuzani alibaki, ukuni mkononi, ikitokea nahitaji nyongeza.

Mzee Apolinari hakucheka wala hakukasirika. Alikaa kwenye kizingiti, kifurushi cha dagaa mapajani. Alikuwa mwembamba, mwenye mvi chache, na mikono yenye madoa meusi ya utomvu wa korosho.

"Haya, mtani," alisema. "Umejilaza, umelia, umechapwa. Unadai nini?"

"Kitabu cha kumi. Ufute choo bora. Mrudishie Lipukuti pancha yake, na huyo Katibu aache sabuni."

Aliingia ndani, akatoka na barua iliyohifadhiwa ndani ya mfuko wa plastiki kama cheti cha ndoa. Akaisoma kwa sauti, ingawa macho yake hayakuwa kwenye karatasi.

"'Ndugu Apolinari. Siku ya mahafali yetu, mgeni rasmi, bodi ya shule na mimi mwenyewe tulikalia viti vilivyopakwa upupu. Mgeni rasmi alijikuna mbele ya wazazi mia nne. Kitabu chako cha sita kimekutwa jukwaani. Ni dhahiri kwamba mtendaji alifuata mafunzo yake. Unatumia kalamu kuharibu watoto wa watu. Wako, Amedeus, Mkuu wa Shule.'"

Nadhani sasa ujasiri umenifika.

"Nilikuwa bwana shamba miaka thelathini na mmoja," alisema Mzee Apolinari. "Nimewahi kumshauri mtu vibaya juu ya mikorosho yake, akanisamehe. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia nimeharibu mtoto. Baada ya barua hii nilikaa siandiki. Kila nikitaka kumwangusha Lipukuti, namwona mtoto fulani huko Nachingwea anainuka kwenda kufanya ubaya. Mwisho nikamwekea kiraka."

"Hakichekeshi, babu," alisema Dismas polepole. "Cha tisa."

"Unadhani sijui? Zile kurasa za sabuni niliziandika nasinzia. Lakini ndicho kitabu changu cha kwanza ambacho mkuu wa shule amekinunua. Cha kumi kitafuata njia hiyo hiyo. Keshokutwa kinatoka."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua, hata Dismas. Na kosa la kumkalisha mgeni rasmi juu ya upupu halina viboko. Lina barua ya kufukuzwa. Lakini nilikuwa namtazama mzee akiirudisha ile barua kwenye plastiki yake, anaipapasa isikunjike.

"Kitabu cha sita hakina upupu," nilisema.

"Hata punje. Mimi ndiye niliyekiandika. Ila yupo aliyekisoma, akapata mawazo."

"Mawazo nilitoka nayo Lionja, babu, kabla sijajua kusoma. Ule upupu ulikuwa wangu. Kitabu kilinidondoka mfukoni nikiwa naunyunyiza."

Dismas aliachia tama.

Mzee Apolinari alitabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la kumshukuru mtu aliyekuletea zawadi isiyokufaa.

"Wewe ni mtani mzuri," alisema. "Umekuja kunizika, sasa unataka kunifariji. Lakini siku ya msiba mtani anasema lolote. Anaweza hata kusema yeye ndiye marehemu, na wewe umeshasema."

"Ni kweli, wallahi!"

"Wallahi ya mtani," alisema Bi Sikuzani akitikisa kichwa. "Hiyo hata malaika hawaiandiki."

"Mkuu wako wa shule ni mtani wako?" aliuliza mzee.

"Hapana. Ni Mpare."

"Basi kayaseme kule, mahali ambapo neno lako lina uzito. Yeye akiniambia alikosea, nitaamini. Asiponiambia, Jumatatu ni choo bora."

Jumapili baada ya chakula cha mchana nilibisha hodi ofisini kwa Mwalimu Amedeus. Alikuwa anapanga ratiba ya mitihani.

"Mwalimu, nimekuja kukiri kosa."

"La wiki hii?"

"La mwaka juzi."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa utulivu wa mtu ambaye sehemu fulani ya mwili wake inakumbuka.

"Uliutoa wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya shimo la taka, Mwalimu. Nilivaa mifuko ya rambo mikononi."

"Kiti changu uliweka kiasi gani?"

"Kidogo, Mwalimu. Nilikuwa nakuheshimu."

"Ulikuwa mwingi," alisema. "Na hicho kitabu? Kilikuelekeza ukurasa gani?"

"Hakina upupu popote. Hukukisoma, Mwalimu?"

Swali hilo halikuwa la busara, lakini lilikuwa limeshatoka. Mwalimu Amedeus alifungua droo ya vielelezo, ile yenye manati na simu za watu, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha kitabu changu cha sita. Akaniamuru nikae nikisome kwa sauti, chote, yeye asikie mwenyewe.

Nilisoma sura ya kwanza. Aliandika alama ya vema kwenye karatasi: hakuna upupu. Nilisoma ya pili, ambamo Lipukuti anafanya usaili wa kuajiri popo, na popo wote wanajibu maswali wakiwa wananing'inia kichwa chini. Mwalimu akaniambia niendelee, akaenda dirishani kutazama uwanja wa mpira, ambao haukuwa na mtu. Nilipofika mahali Katibu anapoomba likizo ya uzazi akiwa fisi dume, niliona mabega ya Mwalimu yanapanda na kushuka. Nikanyamaza kumpa nafasi.

"Nani kakuambia uache?" alisema, bila kugeuka.

Tulimaliza saa kumi. Alipokaa tena uso wake ulikuwa wa serikali, ila macho yalikuwa mekundu. Alitafuta namba nyuma ya kitabu, akapiga simu.

"Mzee Apolinari? Ni Amedeus, mkuu wa shule, Nachingwea. Nilikuandikia barua... Ndiyo, hiyo. Mzee wangu, nilikosea. Mhusika yuko mbele yangu. Kitabu chako hakina hatia, na mimi niliandika kabla ya kukisoma. Naomba radhi." Akasikiliza. "Hapana, si utani. Hapa kwangu hana utani na mtu." Akasikiliza tena, kisha akafunika simu kwa kiganja. "Anauliza kama unalia."

"Hapana, Mwalimu."

"Anajikaza," aliiambia simu.

Kisha aliandika barua mbili. Moja ilikwenda Ruangwa kuthibitisha maneno ya simu. Nyingine niliibeba mwenyewe kwenda Lionja kwa baba. Ilisema kwamba kosa langu ni la kufukuzwa, ila kwa kuwa nimejileta mwenyewe, nimesimamishwa wiki mbili, na nikirudi nitang'oa upupu wote ulioko kuzunguka shule. Chini aliongeza kwa kalamu nyekundu kwamba katika daftari la ruhusa nimemtaja mchawi kama ndugu wa karibu, na kwamba ukoo uangalie jambo hilo.

Wiki zile mbili ufuta wa baba ulikuwa tayari kuvunwa. Baba hakunichapa. Alinionyesha shamba, mwanzo wake na mwisho wake, akaenda kukaa.

Choo bora hakikutoka. Jumatatu asubuhi, shangazi yake Dismas alisimulia, Mzee Apolinari alifika dukani kabla hajafungua, akamwambia afute kila kitu kwenye kompyuta, akakaa pale pale kwenye kiti cha wateja na kuanza kuandika kwa mkono.

Kitabu cha kumi kimetoka mwezi huu. Kinaitwa Lipukuti na Mtani Asiyeaminika. Ungo unavuja kuliko zamani, na katika ukurasa wa kwanza Lipukuti anaangukia ndani ya msiba. Pale msibani yupo kijana wa Lionja, anaitwa Mbaruku, jina langu lote bila hata kubadilishwa herufi. Kila anachosema ni kweli, na hakuna anayemwamini. Anasema nyumba inaungua, watu wanampigia makofi. Anasema yeye ni mzima, wanamwosha. Katika kila sura anajikuna. Katika sura ya saba bibi mmoja anamchapa kwa ukuni kurasa mbili na nusu.

Kwa uaminifu wa msomaji naandika hapa kwamba ni kizuri kuliko vyote kumi. Bweni zima linakisoma kwa sauti, na nikipita wananiuliza kama nimeoshwa. Siwezi kulalamika popote, maana aliyenifanyia hivi ni mtani wangu na ana haki zote. Nilipompigia baba kumweleza, nikitegemea atakasirika kwa niaba ya ukoo, nilikuta ameshakinunua. Baba hajawahi kununua kitabu maishani mwake. Safari hii amenunua viwili: kimoja cha kusoma, na kimoja cha kuwaonyesha wageni.